Zulia la trela ya boti

Zulia la trela ya boti ni kitambaa kizito kinachofunika boriti za mbao ambazo boti hulalia ikiwa juu ya trela. Huzuia boti isikwaruzwe upande wa chini, na huisaidia kuteleza inaposhushwa majini au kupakiwa.

Kwa kawaida zulia hili hutengenezwa kwa nyuzi za plastiki kama polipropilini, kwa kuwa haziozi. Hata hivyo huchakaa kwa msuguano na jua kali. Likichanika, skrubu na pini zilizo chini yake zinaweza kuikwaruza boti.

Kubadilisha

Kwanza boti huondolewa kwenye trela. Boriti hufunguliwa, zulia la zamani na pini zake hung'olewa, na mbao hukaguliwa, zilizooza hubadilishwa. Zulia jipya hubandikwa kwa gundi inayostahimili maji na kuvutwa lisiwe na mikunjo. Kisha hupigwa pini za chuma kisichoshika kutu upande wa chini wa boriti, mahali ambapo boti haigusi. Gundi huachwa ikauke kabla ya boti kurudishwa.

Boti za alumini

Mbao nyingi hutiwa dawa yenye shaba ili zisioze. Zulia likiloa, hasa kwa maji ya chumvi, shaba hiyo huweza kuifikia alumini na kuila hadi itoboke, ingawa zulia lenyewe laonekana zima. Kwa hiyo boti za alumini hufaa kulazwa juu ya mbao zisizo na dawa hiyo.