Ajali Hii Ina Kinga

Wazee wetu husema ajali haina kinga. Methali hiyo huwafariji watu baada ya msiba. Lakini historia ya dira inaonyesha kwamba ajali nyingine zina kinga, na kinga hiyo ilipatikana baada ya watu kufa. Tunaandika haya kwa sababu hapa Woodbury na Saint Paul baadhi ya wenzetu wameanza kurusha droni kwa malipo: kwenye harusi, juu ya nyumba zinazouzwa, juu ya mapaa yaliyopigwa na mvua ya mawe. Ukaguzi kabla ya kuruka huonekana usumbufu tu, hasa bwana harusi anapokuwa tayari amesimama anasubiri.

Tuanze na maneno mawili ya lugha yetu. Leo rubani ni mwendesha ndege, lakini zamani Pwani rubani alikuwa mtu wa kuongoza chombo baharini. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi alipewa rubani, akaondoka mwezi Aprili na kufika Calicut, India, mwezi Mei. Neno la pili ni dira. Mtepe wa Waswahili ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari ya chuma, kwa hiyo mbao zake hazikuwa na cha kuivuta sumaku. Shida kubwa ilianza karne ya 19, Waingereza walipoanza kujenga meli nzima kwa chuma.

Mwaka 1838 mnajimu George Airy alifanya majaribio katika meli ya chuma iitwayo Rainbow. Meli iligeuzwa pande zote huku akipima dira ilivyokosea katika kila upande, kisha akaweka sumaku na vipande vya chuma karibu na dira ili kuondoa kosa hilo. Hata hivyo tatizo halikuisha. Januari 1854 meli mpya ya chuma, Tayleur, ilitoka Liverpool kwenda Melbourne. Dira zake hazikukubaliana. Nahodha alidhani anaelekea kusini, kumbe anaelekea magharibi, na meli ikagonga miamba ya kisiwa cha Lambay, Ireland. Walikufa watu zaidi ya 300. Somo la kwanza ni hili: dira nzima inaweza kudanganywa na chombo chenyewe kinachoibeba.

Somo la pili lilitoka Dayton, Ohio, tarehe 30 Oktoba 1935. Ndege mpya ya Boeing, Model 299, ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka. Injini zilikuwa nzima. Marubani walisahau kufungua kifaa kinachozuia mabawa ya mkia yasitikiswe na upepo ndege ikiwa chini. Rubani Ployer Hill, mtu mwenye uzoefu mkubwa, alikufa. Baada ya hapo marubani waliandika orodha fupi ya ukaguzi, kwa sababu ndege ilikuwa na mambo mengi kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja. Ndege hiyo ndiyo iliyoendelea kuwa B-17 ya Vita vya Pili vya Dunia, na mtambo wake wa C-1 wa kujiongoza ulitengenezwa na kampuni ya hapa kwetu, Minneapolis-Honeywell. Miaka mingi baadaye Honeywell ya Plymouth, magharibi mwa Minneapolis, ilitengeneza kihisi kidogo cha sumaku ambacho watu wengi waliojiundia droni walikitumia kama dira.

Droni inayaunganisha masomo haya mawili. Setilaiti huiambia iko wapi, dira huiambia imeelekea wapi. Dira ikidanganywa, droni hujirekebisha kwa kusukuma upande usio sahihi, ikaanza kuzunguka duara linalopanuka, labda juu ya vichwa vya wageni. Ndiyo maana programu inapotuomba kusawazisha dira, tunaigeuza droni mzunguko mzima ikiwa imelala, kisha ikiwa imesimamishwa pua chini. Kwa maana nyingine, tunafanya alichofanya Airy. Tusifanye hivyo kwenye maegesho ya ghorofa, kwani zege lake lina nondo, wala kando ya gari, wala tukiwa na funguo na simu mkononi. Kisha orodha: mapanga hayana ufa, betri imejaa na haijapoa sana kwa baridi ya Minnesota, anga inaruhusiwa, mahali pa kurudi pameandikwa sawa.

Sheria ya Marekani iitwayo Part 107, iliyoanza kutumika tarehe 29 Agosti 2016, inamtaka rubani akague droni kabla ya kila safari. Mwaka huohuo mradi wa kupiga ramani ya Unguja na Pemba kwa droni ulianza, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kuzirusha. Visiwa vya mabaharia vikapata marubani wa aina nyingine.

Kwa Kiswahili droni huitwa pia ndege isiyo na rubani. Jina hilo linatupotosha kidogo. Rubani yupo, amesimama chini, na droni ikimwangukia mtoto wa watu ni yeye atakayeulizwa kama alikagua.