Bomba la kupasha manifoldi (Volkswagen Beetle)

Bomba la kupasha manifoldi ni bomba jembamba la chuma linalopitisha moshi wa moto wa ekzosi chini ya manifoldi ya kuingizia hewa kwenye injini za Volkswagen Beetle zenye kabureta moja.

Kazi. Injini ya Beetle ina silinda 4 zilizolala, mbili kila upande, na kabureta iko katikati, hivyo mchanganyiko wa hewa na petroli husafiri mbali. Petroli inapogeuka mvuke hufyonza joto. Manifoldi isipopashwa, petroli hubaki matone kwenye kuta zake, na unyevu wa hewa huweza kuganda barafu ndani ya kabureta hata kama nje kuna nyuzi joto kadhaa juu ya 0.

Muundo. Ncha zote mbili hufungwa kwa boliti kwenye sailensa, kulia na kushoto. Moshi huingia upande mmoja na kutokea wa pili.

Ukarabati. Kwenye magari ya zamani, masizi huliziba bomba hili. Gari husita likikanyagwa mafuta, na manifoldi hutoa jasho kwa nje. Injini ikiunguruma dakika chache, fundi husogeza mkono karibu na ncha zote mbili: iliyobaki baridi huonyesha njia imeziba. Masizi hukwanguliwa kwa waya uliosokotwa unaozungushwa na drili, kisha hufungwa gasketi mpya. Sailensa isiyo na matundu ya bomba hili huinyima manifoldi joto lake.