Kordotomia: kuunguza njia ya maumivu

Mwambie mgonjwa wa saratani kwamba atafanyiwa “ukataji wa uti wa mgongo”, naye ataelewa kwamba atapooza. Hatakuwa amekosea, maana kwa Kiswahili cha kila siku uti ndio unaomsimamisha mtu. Lakini hiyo ndiyo tafsiri inayomjia haraka anayelifasiri neno kordotomia kipande kwa kipande, na ndiyo inayoweza kumfanya mgonjwa aikatae tiba ambayo ingempa usingizi.

Neno lina asili ya Kigiriki: kamba, na kukata. Kamba inayotajwa si mfupa, ni ugwe laini unaopita ndani ya pingili za mgongo. Ugwe huo umesukwa kwa nyuzi nyingi kama kamba ya mkonge. Zipo zinazoteremsha amri za ubongo ili mguu uende, zipo zinazopeleka habari za mguso, na zipo zinazopandisha maumivu pamoja na hisi ya joto na baridi. Hizi za mwisho zimekaa mbele, ubavuni mwa ugwe. Kordotomia inazilenga hizo tu.

Aliyefungua njia ni William Spiller, daktari wa mishipa ya fahamu wa Philadelphia, Marekani. Mwaka 1905 alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa amepoteza hisi ya maumivu na ya joto kwa sababu ya uvimbe wa kifua kikuu ulioharibu sehemu hiyo ya ugwe. Basi kilichofanywa na ugonjwa, kwa nini kisifanywe na kisu kwa manufaa ya mtu? Mwaka 1911 daktari mpasuaji Edward Martin alifanya upasuaji huo kwa ushauri wake. Enzi hizo mgongo ulipasuliwa. Tangu miaka ya 1960 sindano imechukua nafasi ya kisu, na katika miaka ya 1980 Yücel Kanpolat wa Ankara, Uturuki, akaanza kuiongoza sindano kwa picha za CT scan.

Siku hizi mgonjwa hulala chali akiwa macho. Ngozi ya shingo, chini kidogo ya sikio, hutiwa ganzi, kisha sindano hupenyezwa kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Ndani yake hupitishwa waya mwembamba, na umeme hafifu hutumwa. Daktari anauliza: unasikia nini, na wapi? Mgonjwa akijibu kwamba anasikia joto au baridi pale panapomuuma, daktari anajua amefika. Ndipo ncha ya waya inapopashwa moto hadi iziunguze nyuzi hizo. Baadaye anachomwachomwa kwa pini: mguso anausikia, ukali hausikii.

Nyuzi za maumivu huvuka ndani ya ugwe kabla ya kupanda. Kwa hiyo anayeumwa kulia huunguzwa kushoto, jambo ambalo ndugu wanapaswa kuelezwa mapema wasije wakadhani daktari amekosea upande.

Tiba hii haimfai kila mtu. Inamfaa hasa mwenye maumivu ya upande mmoja ambaye morfini imeshindwa kumtuliza, au inamtuliza kwa kumlevya mchana kutwa. Mfano ni mgonjwa wa mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu inayoletwa zaidi na vumbi la asbesto. Haigusi saratani yenyewe. Nafuu huweza kufifia baada ya mwaka hivi, ndiyo maana hupewa zaidi wale ambao ugonjwa haukuwaachia muda mrefu. Mguu unaweza kulegea, mara nyingi kwa muda. Kuunguza pande zote mbili ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa nyuzi zinazoendesha pumzi usingizini ziko jirani.

Madaktari waendelee kusema kordotomia; ni fupi, na wao wanaelewana. Kwenye fomu ya ridhaa ningeandika “kuunguza njia ya maumivu katika ugwe wa mgongo”. Kitenzi ni kuunguza kwa kuwa ndicho kinachofanyika, na njia imetajwa ili mgonjwa ajue kinachoguswa na kinachoachwa. Chini yake ningeongeza sentensi moja: upande ulioacha kuuma hautajua maji ya moto na ya baridi, kwa hiyo maji ya kuoga yapimwe kwa mkono wa upande wa pili.