Breki ya kwanza

Neno breki tumelitwaa kwa Waingereza, lakini vitenzi vyake ni vyetu wenyewe: breki hufungwa, hushikwa, hata hupigwa. Mtu akitimua mbio tunasema breki ya kwanza nyumbani, yaani njiani hakusimama popote. Na mropokaji? Mdomo wake hauna breki.

Wapenzi wa baiskeli za kale wana lao: kwao breki ni pambo. Tazama ile ya Raleigh ya zamani, iliyoundwa Nottingham, Uingereza. Haina waya. Ukiminya mkono wake, fito nyembamba za chuma huvuta kikuku kilichokumbatia gurudumu, na raba mbili zikapanda kuibana rimu kwa upande wa ndani, kule kwenye spoku. Phoenix za Wachina zilifuata mtindo huohuo, ndiyo maana fundi wa mtaani kwetu huitambua bila kuambiwa. Rimu ikilowa mvua, breki hiyo huomba subira kidogo (mteremkoni, Mungu saidia). Lakini inang'aa, na kila kiungo unakiona kikifanya kazi.

Waitaliano walikwenda kinyume. Breki yao ya Campagnolo Delta ya miaka ya 1980 ilificha viungo vyake chini ya kifuniko cha pembetatu, laini kama kito. Ni nzito, kuirekebisha ni mtihani, na kwa kusimamisha baiskeli imepitwa na nyingine za bei ya chini. Bado wakusanyaji huisaka kwa udi na uvumba, wengine wakaifunga kwenye baiskeli isiyotoka sebuleni.