Vita ya Dakika 38: Swali Jepesi, Jibu Zito

Wadau, chemsha bongo yoyote lazima hili lije: vita fupi kuliko zote duniani ilipiganwa wapi? Fasta mtu anajibu, "Zanzibar, dakika 38!" Watu wanacheka, anabeba pointi zake. Wengine wanasema dakika 45. Poa tu.

Ila hizo dakika zilikuwa na watu ndani yake. Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid bin Barghash akajikalisha kwenye kiti bila kuwauliza Waingereza, ambao walishakuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na kutoka kwenye jumba. Hakutoka. Saa 3 na dakika 2, meli za kivita zilizotia nanga mbele ya mji zikaanza kumwaga makombora. Jumba lenyewe sehemu kubwa lilikuwa la mbao, na ndani wamejaa askari, watumishi na watumwa.

Upande wa Khalid, waliokufa na kujeruhiwa ni kama 500. Waingereza? Baharia mmoja tu, majeruhi. Sasa hiyo nayo ni vita kweli? Na swali la chemsha bongo huwa halifiki kwa hao 500.

Khalid mwenyewe alichomoka, akakimbilia kwa konseli wa Kijerumani, wakamvusha hadi Dar es Salaam. Waingereza walikuja kumdaka 1916, wakampeleka uhamishoni. Alifia Mombasa, 1927.