Chuma chembamba kilichoua meya

Wasee, leo niwape stori ya meya aliyeuawa na kipande cha chuma.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Agosti 1943, mjini St. Louis, Marekani. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto, na jeshi lilitaka glaida nyingi, yaani ndege zisizo na injini. Ile ya CG-4A ilibeba wanajeshi 13. Ndege nyingine iliivuta kwa kamba mpaka juu, ikaachiliwa, ikashuka yenyewe kimya kimya. Kufikia mwisho wa vita ziliundwa zaidi ya 13,000.

Siku hiyo maelfu ya watu walijaa uwanja wa Lambert kuona glaida iliyoundwa na watu wa mji wao. Meya William Dee Becker akapanda. Akapanda pia William Robertson, bosi wa kampuni iliyoiunda. Ndege ya C-47 ikawavuta, wakapaa poa kabisa. Kamba ilipoachiliwa tu, bawa la kulia likang'oka. Glaida ikaanguka mbele ya umati, na wote 10 waliokuwemo wakafa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba chuma kilichoshika mhimili wa bawa kilichongwa chembamba kuliko kipimo. Kilitoka kwa kampuni ndogo iliyokuwa ikitengeneza majeneza zamani.

Watu wengi hukwama hapo kwa majeneza. Mimi naona hiyo si hoja. Wakati wa vita hata Steinway, watengenezaji wa piano, waliunda sehemu za glaida hizi. Kubadilisha kazi si kosa. Kosa ni kwamba chuma kile kilipita mikononi mwa wakaguzi na hakuna aliyekizuia.

Na Robertson hakuwa tapeli, kwa sababu tapeli hapandi chombo anachojua ni kibovu. Aliamini kazi yake kwa moyo wote. Lakini imani haipimi unene wa chuma.

Juzi fundi alinirudishia pikipiki, nati moja imebaki mkononi mwake. Akaniambia, "Bro, hiyo haina noma, hata mimi nimeiendesha." Nikamkumbuka Robertson. Nikazima injini, nikamwambia airudishe nikiona.

Wewe ungeondoka tu?