Ifahamu Mbinu ya Kutambua Wanyamapori kwa Vinasaba Vilivyomo Hewani

Wanyama huacha angani chembe ndogo za nywele, ngozi, mate na kinyesi kilichokauka. Chembe hizo hubeba vinasaba, na kwa kuzikusanya wataalamu wanaweza kutambua wanyama waliopo katika eneo bila kuwaona wala kuwakamata.

Kifaa chenye feni huvuta hewa na kuipitisha katika kichujio. Kichujio hupelekwa maabara, ambako vinasaba hutenganishwa, huzidishwa nakala, husomwa na kulinganishwa na kumbukumbu za spishi zinazofahamika.

Mwaka 2022 zilichapishwa tafiti mbili zilizofanyika katika bustani za wanyama za Copenhagen, Denmark, na Hamerton, Uingereza. Copenhagen zilitambuliwa spishi 49, wakiwemo samaki wa bwawani. Hamerton zilitambuliwa 25.

Kwa Mkoa wa Shinyanga, mbinu hii ingejibu swali la muda mrefu. Kupitia programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), iliyotekelezwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, wananchi walirejesha mamia ya maelfu ya hekta za ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu ili uoto upumzike. Miti iliporejea, wanyamapori nao walirejea. Hata hivyo, ngitili nyingi ni ndogo na zina vichaka, hivyo wanyama wadogo na wale wa usiku hawaonekani kwa urahisi katika sensa zinazofanywa kutoka angani.

Mkoani Geita, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo inafaa kwa majaribio. Sokwe waliletwa kisiwani humo kati ya mwaka 1966 na 1969, na uwepo wao unafahamika. Hivyo matokeo ya kichujio yanaweza kuhakikiwa.

Mbinu hii ina mipaka yake. Huonesha spishi iliyopo, si idadi ya wanyama. Upepo unaweza kuleta vinasaba kutoka mbali, na vumbi la barabara na machimbo ya dhahabu linaweza kuziba vichujio mapema. Aidha, spishi isiyo na kumbukumbu ya vinasaba haiwezi kutambuliwa kwa uhakika.

Kwa sababu hizo, vinasaba vya hewani haviwezi kuchukua nafasi ya sensa za Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), kamera za kujiendesha wala taarifa za wananchi. Manufaa yake ni kuonesha ni ngitili ipi inayohifadhi wanyama wasioonekana, kabla ardhi yake haijabadilishiwa matumizi.